Mkutano Ulikwenda Vizuri

Kwa miaka kadhaa riziki yangu mjini Bunia, mashariki mwa Congo, ilitokana na ukalimani. Wataalamu wa miradi walishuka uwanja wa ndege na Kifaransa chao, wachache na Kiingereza, na wenyeji wakawasubiri na Kiswahili cha Ituri, kile cha sokoni, cha kanisani na cha ugomvi. Mimi niliketi katikati na daftari. Usiku, jenereta likinguruma nje, nilikuwa na kazi ya pili: kuchapa muhtasari wa kikao kwa Kifaransa safi, upelekwe Kinshasa, na kutoka huko uwafikie wafadhili.

Kikao kisichonitoka akilini kilifanyika chini ya turubai, pembezoni mwa mji, katika mtaa uliojaa watu waliokimbia mapigano ya eneo la Djugu. Ajenda ilikuwa maji. Mzee mmoja aliyevaa koti zito katika joto la saa saba alisimama, akakataa kipaza sauti, akasema: “Sisi tunawadai. Mwaka ule mulikuya, mukaandika. Mwaka mwingine mukakuya tena, mukaandika. Ahadi ni deni. Mutatulipa lini?” Watu wakapiga makofi yasiyo na furaha. Nilitafsiri neno kwa neno. Mkuu wa ujumbe akainamisha kichwa kwa heshima, akamshukuru mzee kwa mchango wake, kisha akauliza kama kuna swali jingine.

Jedwali la muhtasari lilikuwa na safu tatu: mahitaji, mapendekezo, hatua zinazofuata. Deni halikuwa na safu. Niliambiwa niandike kwamba wakazi wana matarajio makubwa kwa mradi, nami nikaandika. Mstari wa mwisho sikuhitaji kuambiwa, maana ndio uliofunga kila muhtasari: mkutano ulikwenda vizuri. Miezi saba baadaye vijana wa mtaa ule walifunga njia kwa mawe na matairi yanayowaka, wakalizuia gari la mradi hadi jioni. Ripoti ya siku hiyo ililiita jambo hilo tukio la kiusalama.

Mtu anayesoma karatasi hizo mbili akiwa Kinshasa ataona watu wenye matumaini ambao ghafla, bila sababu, wamekuwa wakorofi. Aliyekuwa chini ya turubai hakuona ghafla yoyote. Aliona mdai aliyeanza kwa adabu, akarudia, mwisho akashika kilichopita karibu naye. Nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya miradi inayokwama Ituri haikwami kwa kukosa fedha wala kwa ubovu wa mpango. Hukwama pale hasira ya watu inapotafsiriwa kuwa kitu kingine.

Mji wa vibao

Ukitembea kutoka uwanja wa ndege hadi Boulevard de Libération, barabara kuu ya Bunia, unaweza kuisoma historia ya mji kwenye vibao. Kibao cha shule iliyokarabatiwa, kibao cha kisima, kibao cha kituo cha polisi, kila kimoja na nembo tatu au nne na tarehe ya kuanza. Vingine vimeota kutu hadi jina la mfadhili limefutika na kubaki neno “mradi” peke yake. Mara nyingi kibao huishi kuliko kilichotangazwa.

Vibao hivi viliota juu ya vita. Mwaka 1999 ugomvi wa ardhi huko Djugu, kati ya makabila ya Wahema na Walendu, uligeuka vita vilivyoenea Ituri nzima, vikichochewa na majeshi ya nchi jirani, dhahabu na wanasiasa waliohitaji wapiganaji. Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, mji ulibaki mikononi mwa makundi yenye silaha, na askari mia chache wa Uruguay waliovaa kofia za buluu hawakuwa na amri wala nguvu za kuyazuia. Maelfu ya watu walikimbilia lango la kambi ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege, wakalala chini ya maplastiki. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, kwa jina Operesheni Artemis, kikaingia Juni.

Artemis ilituliza mji. Lakini mamlaka yake yaliishia Bunia na uwanja wake wa ndege. Vijijini, kilomita chache kutoka askari wake walipokuwa wakipiga doria, watu waliendelea kufa. Mpango ulikuwa umetekelezwa kama ulivyoandikwa. Waliokuwa nje ya mstari wa ramani ndio hawakuandikwa. Septemba ilipofika, kikosi kikakabidhi kazi kwa brigedi ya Umoja wa Mataifa, na kila mtu akasema, kwa haki kabisa, kwamba lengo limefikiwa. Nafikiri hapo ndipo Ituri ilipojifunza kwamba lengo la mradi na shida ya mtu zinaweza kukaa jirani bila kusalimiana.

Baada ya hapo mipango ilifuatana. Mwaka 2009 serikali ilizindua STAREC, mpango wa kuimarisha na kujenga upya maeneo yaliyoathiriwa na vita, na njia zikafunguliwa, vituo vya polisi na ofisi za tawala vikajengwa. Mwaka 2015 Ituri ikawa mkoa kamili, Bunia ikiwa makao makuu. Kila hatua ilikuja na mikutano. Mtaani neno “proje” likapata maana yake: kitu kinachokuja na gari, kinachoandika majina, kinachokwisha.

Bunduki iliyorudishwa

Hakuna mradi uliogusa hasira moja kwa moja kama ule wa kuwanyang'anya vijana silaha. Septemba 2004 ulianza mpango wa kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji wa Ituri katika jamii. Kwa mahesabu ya karatasi ulifanikiwa: zaidi ya vijana 15,000 walipita kwenye vituo, wakaandikishwa, wakapewa kadi na ahadi ya mafunzo ya kazi. Sehemu ya kwanza, ile ya kuhesabu bunduki, ilikwenda haraka kwa kuwa inahesabika. Sehemu ya pili, ile ya kumpa kijana sababu ya kutorudi msituni, ilichelewa na kupwaya. Wengi walirudi nyumbani na kadi mfukoni, wakaikuta ardhi ileile iliyogombaniwa na jirani yuleyule waliyemwogopa.

Ukikaa na vijana wa namna hiyo Bunia, wanaoendesha pikipiki za kukodi au kubeba mizigo sokoni, hawakwambii walidanganywa na nani. Wanakwambia walingoja. Kungoja ndiko wanakokuelezea kwa undani: ofisi iliyofungwa siku ya miadi, orodha yenye jina lililoandikwa vibaya, mwezi ujao, mwezi ujao.

Kusini mwa eneo la Irumu, kundi la wapiganaji la FRPI lilisaini mkataba na serikali huko Gety tarehe 28 Februari 2020. Mkataba ulizungumzia msamaha kwa wasio na makosa makubwa ya kivita, nafasi katika jeshi kwa baadhi yao, na kurudi kwenye jamii kwa wengine. Julai 2021 Rais Félix Tshisekedi akaunda mpango mpya wa kitaifa wa kupokonya silaha, P-DDRCS, ambao msimamo wake ulikuwa tofauti: hakuna tena kuingiza makundi jeshini kwa jumla, hakuna msamaha wa jumla. Msimamo huo una hoja nzito. Congo imewahi kuona jinsi uasi unavyokuwa ngazi ya kupandia cheo. Lakini kwa mtu aliyesaini Gety mwaka uliotangulia, hoja ile haikumfikia kama sera; ilimfikia kama mkopeshaji anayebadilisha masharti baada ya kupokea dhamana. Bunduki ndiyo ilikuwa dhamana.

Upande wa Djugu mambo yalikuwa magumu zaidi. Jina CODECO, ambalo leo linatisha, lilianza katika miaka ya 1970 kama ushirika wa wakulima, chama cha maendeleo. Kuanzia Desemba 2017 jina hilo lilibebwa na makundi yaliyoua wanavijiji kwa mapanga, nayo makundi mengine yakajiundia upande wa pili kwa kisingizio cha kujilinda. Tarehe 4 Septemba 2020 wapiganaji wa CODECO wapatao mia moja waliingia Bunia mchana kweupe na silaha zao, wakaenda hadi karibu na gereza kuu wakitaka wenzao waachiwe. Wakazi walijifungia ndani. Baada ya mazungumzo na viongozi, wapiganaji wakaondoka.

Siku ile mji ulijifunza somo baya. Wajane wa Djugu walikuwa wameandika barua kwa miaka. Hakuna ofisa aliyewakimbilia. Watu mia moja wenye bunduki walisikilizwa kabla jua halijazama. Sisemi viongozi walikosea kuzungumza nao, maana mbadala wake ungekuwa damu mitaani. Nasema kila kijana aliyechungulia dirishani alifanya hesabu yake kuhusu lugha ipi inaeleweka.

Swali la mama wa surua

Mfano ulio wazi zaidi, hata hivyo, hauhusu bunduki. Unahusu ugonjwa.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola katika mkoa jirani wa Kivu Kaskazini, na baada ya muda mfupi ukavuka kuingia Ituri: Mambasa, Komanda, Mongbwalu, Bunia yenyewe. Ulidumu hadi 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Dawa zilipatikana, chanjo ilikuwepo, fedha zilikuja kwa wingi kuliko ambavyo mtu yeyote huku aliwahi kuziona zikiletwa kwa ajili ya afya. Na bado magari ya timu za afya yalipigwa mawe, vituo vikachomwa moto.

Katika mikutano ya wakati ule neno lililotawala lilikuwa la Kifaransa, “résistance”, ukinzani. Mtaa fulani una ukinzani, familia fulani ina ukinzani. Nilichoka kulitafsiri, kwa kuwa kwa Kiswahili liligoma kusimama bila mtendewa. Anakinza nini? Mama mmoja katika kikao cha Komanda alijibu bila kuulizwa. Alisema amezika watoto wawili kwa surua na hakuna gari lililokuja. Sasa mtoto wa jirani ana homa, na yamekuja magari manne, moja lina askari. “Huu ugonjwa ni wa nani?” akauliza.

Swali lake liliingia kwenye safu ya uvumi. Lakini hesabu ilikuwa upande wake. Katika miezi ileile, kuanzia mwanzo wa 2019, surua ilienea Congo nzima, na ilipofika Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu zaidi ya vifo 6,000, vingi vikiwa vya watoto wadogo. Surua, ambayo chanjo yake ni ya zamani na ya bei nafuu, iliua karibu mara tatu ya Ebola. Mama yule hakuwa amedanganywa na redio wala na mchawi. Alikuwa amelinganisha vitu viwili alivyoviona kwa macho yake, akataka kujua ni nani aliyepanga umuhimu wa kila kimoja, na kwa faida ya nani.

Hapo ndipo msemo “Ebola ni biashara” ulipozaliwa. Watu waliona nyumba zikikodiwa kwa dola, magari yakikodiwa kwa dola, wageni wakilipwa kwa siku fedha ambazo muuguzi wa zahanati haoni kwa mwezi. Waliona pia wasindikizaji wenye silaha, katika eneo ambako kijiji kikishambuliwa usiku, askari hufika asubuhi. Baadaye mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilithibitisha kwamba baadhi ya wafanyakazi wa mapambano yale waliwadhalilisha wanawake kingono, wakiwaahidi kazi. Kumbe minong'ono iliyopuuzwa kama uvumi ilikuwa na mashahidi wake.

Hasira inayokosa mlango hupita popote, na mara nyingi humwangukia asiye na hatia. Novemba 2019 mtangazaji wa redio aliyekuwa akielimisha watu kuhusu Ebola aliuawa nyumbani kwake Lwemba, Mambasa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 mwezi uleule kambi ya wafanyakazi wa Ebola huko Biakato ilishambuliwa, na watatu wakafa. Hakuna deni linalolipwa kwa damu ya mtu wa namna ile, na anayetetea hasira za watu ana wajibu wa kulisema hilo kabla hajaulizwa.

Lakini mapambano yale yana upande mwingine, ambao hausimuliwi vya kutosha. Julai 2019 uongozi wa kazi ulipewa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyekuwepo tangu Ebola ya kwanza kabisa huko Yambuku mwaka 1976. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, watu wa mitaa ileile, walikuwa wakiandika maneno yote waliyoyasikia mlangoni, yakiwamo matusi, kama yalivyo. Humo yalijirudia malalamiko ya kueleweka kabisa: maiti anafungwa kwenye mfuko mweusi, familia haioni uso, inajuaje ni mtu wao? Inajuaje viungo havijauzwa? Jibu halikuwa semina juu ya ubaya wa uvumi. Familia ziliruhusiwa kushuhudia, na pakaletwa mifuko inayoonyesha uso wa marehemu. Huko Beni, Kivu Kaskazini, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya kuta angavu ili mgonjwa na mama yake waonane, waongee. Katika timu za mazishi wakachukuliwa vijana wa palepale. Mawe hayakuisha, lakini sehemu nyingi yalipungua.

Tofauti kati ya mama wa surua na familia ya mfuko mweusi iko hapo. Wote walisikilizwa na mtu mwenye kalamu. Wa pili alisikilizwa na mtu mwenye uwezo wa kubadilisha mfuko.

Mlango uliofungwa

Tarehe 6 Mei 2021 ulianza mradi mwingine, ingawa haukuitwa hivyo: hali ya kuzingirwa. Katika Ituri na Kivu Kaskazini magavana, mameya na wakuu wa maeneo waliondolewa, nafasi zao wakashika maofisa wa jeshi na polisi. Bunia ilipokea gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama. Bunge la mkoa lilisimamishwa. Kesi za jinai za raia zilihamia mahakama za kijeshi. Muda uliotajwa mwanzoni ulikuwa siku 30. Baada ya hapo ukaongezwa kila siku 15, tena na tena, kwa miaka.

Mwanzoni watu wengi wa Bunia waliupokea kwa tumaini la kweli. Waliochoshwa na mapanga hawaulizi kwanza kuhusu bunge la mkoa. Lakini mauaji hayakusimama. Usiku wa kuamkia 2 Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Wiki mbili baadaye ujumbe wa amani uliotumwa na Rais, akiwamo Thomas Lubanga, aliyekwisha kutumikia kifungo cha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa kuwatumia watoto vitani, ulitekwa na CODECO na kushikiliwa kwa takriban miezi miwili. Juni 2023 zaidi ya watu 40 waliuawa katika kambi ya Lala.

Kwa mtazamo wangu wa mkalimani wa miradi, kilichonishangaza hakikuwa tu kwamba usalama haukuja. Ni kwamba vyombo vya kusema haujaja ndivyo vilivyokuwa vimefungwa. Meya wa kiraia wa kulalamikiwa hakuwepo. Mbunge wa mkoa hakuwa na kikao. Maandamano yalihesabiwa kuwa kuvuruga operesheni. Ikabaki silaha ya zamani ya miji yetu ya mashariki, siku ya mji mfu: maduka yamefungwa, pikipiki hazitembei, soko kuu ni meza tupu na mbwa. Mji mzima unazungumza kwa kunyamaza. Wachuuzi wanaokula walichouza siku hiyo ndio wanaolipia ujumbe huo.

Agosti 2023 Kinshasa iliitisha meza ya duara kuhusu hali hiyo, ikakusanya wajumbe wa mikoa yote miwili, na Oktoba Rais akatangaza kulegeza masharti hatua kwa hatua. Watu walisema walichotaka kusema. Hali ya kuzingirwa ikaendelea. Mkutano, bila shaka, uliandikwa kwamba ulikwenda vizuri.

Watu 297

Je, kuna mahali Ituri ambapo deni liliitwa deni? Papo mahali pamoja, napo ni padogo. Bogoro ni kijiji kilichopo kilomita 25 hivi kutoka Bunia, kwenye njia ya Kasenyi na Ziwa Albert. Kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa wapiganaji, Germain Katanga, kwa shambulio hilo, na Machi 2017 ikatoa amri ya fidia. Maombi 341 yalipitiwa moja baada ya jingine. Watu 297 wakatambuliwa. Kila mmoja alipewa dola 250 kama fidia ya ishara, na wote kwa pamoja wakapewa haki ya msaada wa makazi, shughuli za kipato, elimu ya watoto na tiba ya kisaikolojia.

Dola 250 kwa nyumba iliyochomwa na ndugu waliouawa ni kidogo, na hakuna aliyejifanya kwamba inatosha. Lakini tazama namna ilivyofanyika. Kiasi cha hasara kilikadiriwa kwa kila mtu, kwa jina lake. Waathiriwa waliulizwa wanataka nini na nini hawataki, nao walikataa baadhi ya mambo ambayo wataalamu huyapenda, kama minara na sherehe za kumbukumbu, wakisema zitachochea tena uhasama na majirani. Kukataa kwao kulibadilisha amri. Aliyeombwa maoni akasema hapana, na hapana yake ikabaki hapana hadi kwenye karatasi ya mwisho.

Sitaki kuipamba. Kutoka shambulio hadi amri ilipita miaka 14, na utekelezaji ulihitaji mingine kadhaa baada ya hapo. Wapo waliokufa wakingoja. Waombaji 44 hawakutambuliwa. Vijiji vya jamii nyingine, vilivyochomwa na makundi mengine miaka ileile, vilitazama fidia ikipita barabarani kuelekea kwa jirani. Haki inayomsikia mmoja inaweza kuwa kelele kwa asiyesikiwa. Hata hivyo, aliyekosa alipewa uamuzi ulioandikwa na sababu zake.

Kitu cha namna hiyo nilikiona pia katika kazi za mikono za mradi wa STEP, ulioendeshwa na Fonds Social, mfuko wa serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia. Nafasi za kazi ya barabara zilikuwa chache na waombaji wengi, kwa hiyo majina yalichaguliwa kwa kura ya hadharani. Aliyekosa alikwenda nyumbani na jembe lake akiwa amekasirika. Lakini alikuwa ameona kwa macho jinsi alivyokosa. Hasira yake ilikuwa na ukubwa wa nafasi moja ya kazi, haikuvimba ikawa chuki dhidi ya kabila lililodhaniwa kupendelewa.

Nikikusanya yote haya sipati siri kubwa. Watu wa Bunia hawajawahi kuninong'oneza kwamba wanataka kila wanachoomba. Wanataka mambo matatu ambayo hayagharimu hata nusu ya gari moja la mradi: aliyewasikiliza awe na fungu la bajeti ambalo halijapangiwa kazi bado, ili walichosema kiweze kubadilisha kitu; jibu lirudi, hata likiwa hapana, likiletwa na mtu yuleyule aliyeuliza; na walichosema kiandikwe walivyokisema. Sanduku la maoni nimeliona kila ofisi. Funguo zake huwa Kinshasa.

Mara ya mwisho nilipofanya kazi hiyo, nilimwomba mkuu wa ujumbe ruhusa ya kitu kimoja: kabla watu hawajatawanyika, niwasomee muhtasari kwa Kiswahili. Alitazama saa yake, kisha wingu lililokuwa likipanda upande wa Mudzipela, akasema dakika kumi. Nikasoma. Nilipofika kwenye mstari wa matarajio makubwa, mama mmoja aliyekuwa akikunja mkeka wake akainua mkono.

“Hapo, mwanangu,” akasema, “ondoa hilo neno. Matarajio ni ya mutu anayeomba. Sisi hatuombi. Andika deni.”

Wakatikisa vichwa. Nikakata mstari, nikaandika deni, nikausoma tena, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile niliona watu wakiondoka kwenye kikao wakiwa wamenyamaza, bila manung'uniko ya njiani. Muhtasari ukapelekwa hivyo. Baada ya siku tano ikaja barua pepe kutoka makao makuu: kazi nzuri, ila tafadhali rekebisha lugha katika ukurasa wa pili.

Nikajibu kwamba nimeipitia, na lugha ni sahihi.